Tupeane uzoefu: betri ya saa na feni za kompyuta ya mezani, wewe yalikukuta yapi?

Mwenye Saiba, Nakuru

Wadau hamjambo. Nina saiba ndogo hapa Section 58, mashine sita, zote za mtumba kutoka Uingereza. Nafungua uzi huu kwa sababu ya lililonipata wiki ya mwisho ya Juni, ile wiki ambayo kila mtu anakumbuka kwamba mwisho wa kujaza ritani ya ushuru ni tarehe 30.

Stima ilipotea usiku kucha. Iliporudi asubuhi nikawasha mashine zote. Nambari nne ikaleta skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikataka nibonyeze F1 ndipo iendelee. Nikabonyeza, Windows ikafunguka kama kawaida. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa makamo, akaketi. Nikamfungulia tovuti ya ushuru, ikakataa: eti si salama. eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, vilevile. Barua pepe yake, vilevile. Nikazima ruta nikaiwasha. Nikawapigia wanaoniletea intaneti, wakasema laini iko sawa, na kweli zile mashine tano nyingine zilikuwa zinafungua kila kitu. Nilihangaika karibu saa mbili na yule mama akaondoka, kwa haki yake. Ndipo kijana ninayefanya naye kazi akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya skrini: tarehe 1 Januari 2012.

Tovuti yoyote salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine ikiamini tuko 2012, kila cheti inacholetewa inakiona hakijaanza kazi, basi inakikataa. Na saa ya kompyuta stima ikiwa imepotea inaendeshwa na kibetri kimoja tu, kile cha duara kinachong'aa kwenye madabodi (ule ubao mkuu ndani ya kasha), CR2032. Hiyo 20 ni upana wake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Kikiwa kizima kinatoa volti 3 au zaidi kidogo. Changu nilipokipima kilikuwa na 2.1. Kipya nilikinunua shilingi 100.

Lakini lililonishtua zaidi ni nililoliona baada ya kufungua kasha. Sisi wa Nakuru vumbi tunalijua, hata jina la mji lenyewe hufafanuliwa kwamba limetoka Kimaasai na maana yake ni mahali pa vumbi. Nilipoitoa feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, chini yake kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kuipoza, palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi ya kijivu. Nilikishika kwa vidole viwili kikanyanyuka kizima, mraba kamili, kikiwa na alama ya mduara ya feni juu yake. Hapo ndipo nilielewa kwa nini nambari nne ilikuwa ikivuma kama posho mill na kujizima mchana. Nilikuwa nimeshaanza kuitafutia mnunuzi wa vipuri.

Nawaomba mseme yenu, mliofaulu na mlioharibu.

Mwalimu wa Maabara, Kakamega

Mwenye Saiba, pole kwa huyo mteja. Mimi nasimamia maabara ya kompyuta katika shule ya upili, mashine 24. Kwa miaka mingi kila Januari nilikuwa nakuta karibu nusu ya mashine zimesahau saa, na nikawa nalaumu betri za bei rahisi. Kumbe sababu ilikuwa swichi kubwa ya ukutani, ambayo shule ikifungwa tunaizima, Aprili, Agosti, kisha Novemba na Desemba yote.

Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini bado inapata stima ukutani, pawasaplai, lile sanduku la ndani linaloigawia mashine stima, inaendelea kupitisha umeme kidogo wa volti 5, na saa inakula huo. Betri inapumzika. Ukikata ukutani, saa inahamia kwenye betri papo hapo. Kwa hiyo mashine ya shule, inayokatiwa stima miezi mitatu au zaidi kwa mwaka na kila usiku pia, inamaliza betri mapema kuliko ya ofisi ambayo haichomolewi. Sisemi muache swichi wazi, radi za huku Kakamega mnazijua. Nasema mjue mtabadilisha mara nyingi zaidi.

Hasara yangu haikuwa ya tovuti. Ilikuwa faili za wanafunzi wa kidato cha nne, kazi ya mradi wa KCSE. Msichana mmoja alifanya kazi juma zima kwenye mashine iliyoamini ni 2009. Nilipokusanya nakala zote kwenye diski moja, nikaamuru programu iache faili mpya na kufuta za zamani. Ya kwake ya karibuni ilikuwa na tarehe ya 2009, ikafutwa, ikabaki ya wiki tatu nyuma. Alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia. Tuliketi naye Jumamosi mbili tukairudia.

Tangu hapo nabadilisha zote 24 kwa mpigo mmoja, na juu ya kila betri naandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Omera, nyinyi mmeumizwa na betri kuisha. Mimi niliumizwa na kuibadilisha.

Kulikuwa na mashine ya mhasibu mmoja hapa mjini, saa inarudi nyuma kila asubuhi. Nikachomoa stima, nikabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha kasha, nikabadilisha betri, upande wa kujumlisha juu. Dakika tano. Nikawasha. Vile vitone vya Windows vikazunguka, kisha skrini ya buluu. Ikajiwasha yenyewe upya, skrini ya buluu tena. Mhasibu amesimama nyuma yangu. Nikamwambia diski imekufa. Nilitamka hivyo bila kupima chochote, na hadi leo neno hilo linaniuma, kwa sababu uso wa yule mzee ulibadilika: mule mlikuwa na vitabu vya wateja wake wote.

Usiku nikiwa nyumbani ndipo ikanijia. Betri ikitoka, BIOS (ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows) ya mashine nyingi inasahau mipangilio na kurudi ile ya kiwandani. Kwa mashine ile, ya kiwandani ilikuwa diski isomwe kwa RAID, na Windows yake iliwekwa kwa AHCI, njia mbili tofauti za kusoma diski. Asubuhi nikaenda kabla hajafungua ofisi. Nikaingia BIOS, nikabadilisha mstari mmoja, nikahifadhi. Ikawaka na kila kitu chake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa betri, ingia BIOS na upige picha kila ukurasa kwa simu. Vitu vya kuangalia hasa ni AHCI au RAID, UEFI au Legacy (njia mpya au ya zamani ya kuwasha mashine), na diski ipi inaanza. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha data, usifungue hata skrubu moja kabla mwenye mashine hajakuonyesha ule ufunguo mrefu wa akiba. BIOS ikibadilika, BitLocker inaweza kuuliza ufunguo huo, na kama haupo, data imekwenda.

Sasa upande wa joto. Watu wa Nakuru mna vumbi, sisi tuna usubi wa ziwani. Msimu wao wanapanda juu ya maji kama moshi, jioni wanafuata taa, wanaingia dirishani na feni inawavuta. Wakifia ndani ya mapezi wanashikamana na vumbi na unyevu, wanakuwa gamba jeusi lenye harufu ya samaki. Gamba hilo blowa haliling'oi. Toa hitisinki nje kabisa, ipige kwa brashi ndogo ya rangi na spiriti, pezi kwa pezi, uishike kwenye mwanga mpaka uone upande wa pili.

Ukishaitoa hitisinki, pesti ya zamani (ule ute wa kupitisha joto kati yake na prosesa) haifai tena hata kama inaonekana mbichi. Ifute kwa spiriti juu ya prosesa na chini ya hitisinki mpaka chuma kijionyeshe, kisha weka mpya katikati, kiasi cha punje moja ya ndengu. Usipake kama blueband. Kazi ya pesti ni kujaza vijishimo ambavyo jicho halivioni kati ya vyuma viwili, na ikizidi inakuwa ukuta mwingine wa joto.

Na zile hitisinki za Intel zenye miguu minne ya plastiki, hizo ndizo zinaniletea wateja wengi kuliko kitu kingine. Mtu anabonyeza miwili ya upande mmoja kwanza, upande wa pili unanyanyuka, anaona imekaa kumbe inaning'inia. Bonyeza kwa mshazari, mguu huu halafu ule unaoutazama kwa kona. Sikiliza "tik" nne. Halafu tazama nyuma ya madabodi uhakikishe ncha zote nne zimetokeza. Mguu mmoja tu ukilegea, mashine inapanda karibu digrii 100 ndani ya dakika chache, inajipunguza mwendo, kisha inazima.

Chuo Njoro

Fundi, asante. Ningesoma hayo mapema ningeokoa prosesa. Yangu ni AMD ya AM4, ile ambayo pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Nilivuta hitisinki juu moja kwa moja ikiwa baridi. Pesti ilikuwa imekauka kama gundi, hitisinki ikatoka na prosesa imening'inia chini yake, hali kile kishikio cha pembeni bado kimefungwa. Pini saba zilipinda. Nilizinyoosha kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ile tupu, nikivalisha pini moja moja, kazi ya usiku mzima. Sita zilinyooka. Ya saba ilikatika.

Nimejifunza hivi: washa mashine kwanza ifanye kazi dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa, halafu zungusha hitisinki kushoto na kulia polepole mpaka uhisi imeachia. Ndipo unyanyue.

Mizani Muhoroni

Ofisi yetu iko karibu na mashamba ya miwa. Wakichoma, masizi yanaruka hadi mezani. Masizi ni mepesi na yana mafuta fulani, yanashika kwenye mapanga ya feni na kuifanya nzito upande mmoja, inaanza kutetema. Sisi tunafungua kila baada ya miezi miwili msimu wa kuvuna.

Niongeze moja: msifungue pawasaplai yenyewe. Ndani mna kapasita zinazohifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomoa. Mwenzangu alirushwa hadi kwenye kiti na mkono ukamfa ganzi hadi jioni. Piga upepo kupitia matundu kwa nje, inatosha.

Mama Duka, Bungoma

Samahani, mimi si fundi. Nauza vitu vya simu na hizi betri nazo nauza. Nataka kusema kuhusu zile mnazozitoa. Mume wangu alibadilisha ya kompyuta ya duka akaiacha ya zamani mezani. Mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu nikamkuta nayo mdomoni, nikaitoa kwa kidole. Nilimpeleka hospitali hata hivyo. Daktari akanieleza kwamba ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, na hata iliyoisha kwa kompyuta bado ina nguvu ya kuunguza. Tafadhali zifungeni na selotepu pande zote mbili mara tu mnapozitoa, na muweke juu. Mtoto akimeza au mkishuku amemeza, ni hospitali saa ileile, msingoje aonyeshe dalili.

Mwenye Saiba, Nakuru

Mama Duka, asante sana, na tumshukuru Mungu kwa huyo mtoto. Nilikuwa na nne kwenye droo ya chenji. Nimezitoa sasa hivi.

Fundi, nimefuata maneno yako kwa nambari nne. Ilikuwa inafika digrii 91 ukifungua video. Baada ya kusafisha na pesti mpya haijapita 63. Swali: nikipuliza na blowa feni inazunguka kwa kasi ajabu, ina madhara?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Ishike kwa kidole, ndugu yangu. Upepo ukiizungusha kupita mwendo wake unachosha beringi, na mota ikizungushwa inakuwa jenereta, inarudisha umeme kwenye madabodi. Na blowa lisikae karibu, lisogeze mbali kidogo, nje ya nyumba, ukiwa na barakoa.

Busia Mpakani

Nimewafuata tangu mwanzo. Yangu ni ile kompyuta ndogo ya kufungwa nyuma ya skrini. Betri yake haikai kwenye kikombe, imevikwa plastiki nyeusi na ina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zenye plagi ndogo. Fundi wa hapa anataka kuchomelea nyaya hizo kwenye CR2032 ya kawaida kwa kifaa cha kulehemu. Nimkubalie?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Usimkubalie. Betri ya lithiamu ikipata moto wa kulehemu moja kwa moja inaweza kupasuka. Zinauzwa zikiwa tayari na nyaya na plagi. Piga picha ya plagi yako karibu kabisa, uone nyekundu iko upande upi, maana kuna zinazofanana lakini nyaya zimepishana. Itume hapa nikutazamie kabla hujanunua.