Barua za manamba na kanda za wazee: zibaki sandukuni kwetu au zipelekwe hifadhi?

Binti wa Kilolo
Kamwene wakubwa zangu, na shikamooni. Bibi yetu, aliyetutoka mwaka jana, aliacha sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake tumekuta barua 43 alizotumiwa na babu kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga, alikokwenda manamba, yaani kibarua cha mkataba mashambani, katika miaka ya 1950. Pembe za baadhi yake zimeanza kuliwa na mchwa. Mtafiti mmoja aliyepita kijijini anaomba azichukue, awahoji na kuwarekodi wazee wa rika lile waliobaki, kisha vyote viwekwe kwenye hifadhi ya nyaraka mjini. Baba mdogo amekubali. Shangazi amekataa kabisa, anasema maneno ya mume kwa mkewe hayatolewi nje ya ukoo. Ninyi mngeamuaje?

Karani Mstaafu, Iringa mjini
Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Nimetumikia masjala maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: zipelekwe. Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na tunayo idara ya taifa yenye watu waliosomea kazi hiyo. Karatasi iliyoandikwa mwaka 1953 inasema leo kile kile ilichosema siku ile. Kuhusu mahojiano, msijisumbue sana, kwa sababu mzee anayeulizwa leo habari za miaka 70 iliyopita anakupa yale aliyoyasikia kilabuni penye ulanzi, na mtafiti anayaandika kana kwamba ni ushahidi.

Mjukuu wa Kalenga
Mzee Karani, barua za dada huyu ziende zitakakokwenda, lakini neno la ulanzi ninaomba ulifute. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani lililoongozwa na von Zelewski lilivunjwa na Wahehe pale Lugalo, na yeye mwenyewe akauawa. Ripoti zilizopelekwa Berlin ziliandikwa na upande ulioshindwa siku ile. Upande wetu hakuna aliyeandika hata mstari, na bado nilionyeshwa na babu yangu, naye alionyeshwa na baba yake, mahali ambapo watu wetu walilala nyasini wakisubiri. Je, wote hao walikuwa wamelewa? Hata fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu wa Uhehe, lililochukuliwa na Wajerumani, liliporudishwa mwaka 1956, waliolipokea walikuwa ni watu walioitunza habari yake kwa mdomo tu.

Karani Mstaafu, Iringa mjini
Fuvu lilirudi tarehe 19 Juni 1954, likakabidhiwa na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, pale Kalenga. Umekosea kwa miaka miwili, kijana wangu, juu ya jambo ambalo kila mtoto wa Kalenga analijua. Sina haja ya kuongeza neno.

Mjukuu wa Kalenga
Tarehe nimeikubali, na ninashukuru kusahihishwa. Sasa na wewe uzikubali karatasi zako zilivyo. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika kifungu cha 246, uliandika kwamba Ujerumani itakabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Maandishi yapo, mihuri ipo, na fuvu halikuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Lilipopatikana, Twining alilichagua kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kutumia vipimo, na hadi leo wapo wanaohoji kama ndilo lenyewe. Karatasi hazikumaliza shaka hiyo. Wazee wangu walingoja bila karatasi, na hawakusahau walichokuwa wakikingoja.

Mkulima wa Makambako
Ndugu zangu, binti ameuliza habari za mchwa na sisi tumeshafika Bremen. Dada, kwanza ziondoe hizo barua kwenye sakafu ya udongo na mbali na moshi wa jikoni. Usizibandike kwa selotepu wala usizipeleke kwenye duka la steshenari kutiwa plastiki, maana gundi na joto vitazimaliza kabla ya mchwa. Namba za mpangilio ziandike kwa penseli, kwa nyuma. Kila ukurasa upige picha kwa simu kwenye mwanga wa mchana, kisha nakala ziweke kwa watu wawili au watatu. Hayo yakishafanyika ndipo ukoo ukae kikao, kwa sababu hakuna haraka tena.

Mwalimu, Tukuyu
Nimesoma kwa masikitiko kwamba mahojiano ni maneno ya kilabuni. Huku kwetu Rungwe, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walikaa kati ya 1934 na 1938 wakiwauliza Wanyakyusa habari za ndoa, mazishi na vijiji vya rika, ambavyo wavulana walijijengea wenyewe mbali na baba zao. Maelezo mengi walisaidiwa kuyakusanya na kuyaandika na wenyeji, na mmoja wao anayefahamika kwa jina ni Leonard Mwaisumo. Monica aliporudi mwaka 1955 alikuta ardhi imebana, kahawa imetia mizizi na vijiji vile vinayeyuka. Mabadiliko hayo yanaonekana leo kwa sababu kulikuwa na watu walioketi na kuulizwa kabla na baada. Mwangalieni pia Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoraviani aliyeishi na Wasafwa pale Utengule. Yeye aliandika simulizi za maisha za watu waliowahi kutekwa na kufanywa watumwa, wanawake wakiwamo. Wanawake hao wasingeacha barua hata moja. Walisikika kwa sababu mtu aliwauliza, akanyamaza, akasikiliza.

Kinachoniuma ni kwamba majalada ya akina Wilson yako Chuo Kikuu cha Cape Town, na kumbukumbu kuu za Wamoraviani ziko Herrnhut, Ujerumani. Mwanafunzi wangu akitaka kujua babu yake alizikwaje, atafute nauli ya ndege. Kwa hiyo, binti, kabla hujauliza kama barua zitolewe, uliza nakala itabaki wapi, na ni nani wa Kilolo atakayeruhusiwa kuisoma bila kuomba kibali.

Karani Mstaafu, Iringa mjini
Mwalimu, mimi si mkoloni na sijasafirisha jalada la mtu kwenda ng'ambo. Nimewahi kukausha majalada kwa mikono yangu, ukurasa kwa ukurasa, baada ya paa kuvuja usiku wa masika, na hakuna aliyeniandika. Huo Cape Town unaoulaumu ndio uliofanya wewe ujue leo habari za vijiji vya rika. Vingeachwa kwenye sanduku la bati, ungesimulia nini?

Mama wa Ifunda
Mnabishana juu ya barua za babu, na bibi hakuna anayemuuliza. Zimeonekana barua 43 za mume. Majibu ya mke yako wapi? Yalikwenda Tanga, yakabaki kambini, na hapana shaka yamepotea. Mkizihifadhi hizo peke yake, ndoa ile itasikika kwa upande mmoja milele. Shangazi wa binti ana haki ya kuogopa, kwa sababu barua za namna hiyo zina mambo ya ndani, pengine ugomvi, pengine deni, pengine mtoto aliyezaliwa baba akiwa mbali. Aulizwe ni zipi zifungwe kwa miaka kadhaa. Serikali yenyewe huyafunga majalada yake kwa miaka 30, sembuse nyumba ya mtu?

Binti wa Kilolo
Nimewasoma wote, na Mama wa Ifunda amenifanya nilie. Jana nilizipanga upya na shangazi. Kila barua inaanza vilevile, "ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu wa huko", ila mwandiko unabadilika mara nne. Shangazi akaniambia jambo ambalo sikulijua: babu hakujua kuandika. Alikuwa akimlipa mtu kambini, akimtajia maneno kila alipokamilisha kipande chake, yaani kadi ya kazi ya siku 30, na kupata fedha. Bibi naye hakujua kusoma. Alikuwa akisomewa na mtoto wa jirani aliyekuwa shule, naye ndiye aliyeyaandika majibu. Kwa hiyo, mzee wangu Karani, hizi karatasi unazoziamini zimetoka mdomoni na zimeingia sikioni, na wale waliokaa katikati hawakutia sahihi popote. Mtoto yule wa jirani yu hai. Sasa ni mzee wa miaka 80 na zaidi, anaishi ng'ambo ya mto, na shangazi amekubali twende wote Jumamosi na simu ya kurekodia, mtafiti asiwepo kwanza.

Karani Mstaafu, Iringa mjini
Nendeni na barua zenyewe, si picha. Mpeni azisome kwa sauti, moja baada ya nyingine, na kila mahali atakaposita mwandike. Halafu mumuulize kama kuna maneno aliyoyaruka siku ile alipokuwa akimsomea bibi yenu.