Dubu wa babu kutoka Moscow, ni wa enzi za Lenin kweli?

mtu_wa_kondele
Habari zenu. Babu alienda kusoma Moscow 1963, zile enzi za Jaramogi kutafutia vijana nafasi huko, akarudi na vyeti, koti zito ambalo Kisumu halijawahi kuvaliwa hata siku moja, na kadubu ka kauri. Kamekaa kwa kabati ya vyombo miaka yote, sikio moja limemeguka. Sasa kuna jamaa hununua vitu vya kale anasema ni ya wakati wa Lenin na ananipea elfu nne leo leo. Nimekapindua chini nikaona A haina mstari wa katikati, duara imechomwa mkuki, alafu 3. Niuze?

kauri_na_kutu
Leo leo usiuze, lakini pia usianze kuota gari. Hiyo ni Kirusi, L F Z, kiwanda cha Lomonosov kule Leningrad. Kilianza 1744 kikiwa cha wafalme, 1918 Wabolsheviki, wale wa Lenin, wakakichukua, na hilo jina la Lomonosov kilipewa 1925. Lenin alikufa 1924. Fanya hesabu. Babu alinunua tu dukani kama mwanafunzi yeyote.
Zile za mwanzo baada ya mapinduzi chini zina nyundo, mundu na nusu gurudumu la meno, mara nyingi na mwaka. Sahani zingine ukiangalia poa unapata alama ya kijani ya mfalme Nicholas II imefunikwa na rangi, juu walirithi stoo ya sahani nyeupe hazijachorwa wakaandika maneno ya mapinduzi hapo hapo. Sanamu watu wanapigania ni kama za Natalia Danko, msanii wa hicho kiwanda, ako na chesi ya Wekundu (Wabolsheviki) na Weupe (maadui wao), mfalme wa Weupe ni mifupa imevaa chuma na askari wake wadogo wamefungwa minyororo. Nikiona hiyo Kibuye sokoni nauza ng'ombe.

mama_wa_section58
Na usioshe!! Mimi hapa Nakuru nilisugua sahani ya mama mkwe na stilwaya ing'ae kabla mnunuzi afike, dhahabu ya ukingo ikatoka yote, mnunuzi akaangalia akakunywa chai akaenda.

mtu_wa_kondele
Na sikio nibandike na superglue?

kauri_na_kutu
Wewe! Wacha hivyo.

mtu_wa_kondele
Nimemwambia jamaa hiyo ya 1924 na 1925, ameshuka mpaka elfu moja mia tano. Dubu amerudi kabati.