Je, miunganisho ya rika kwa rika isimbwe hata pale tusipomjua aliye upande wa pili?

Ndugu wanamjadala, msimamo wangu ni kwamba kila programu inayounganisha kompyuta na kompyuta nyingine moja kwa moja, bila seva ya kati, inapaswa kusimba mawasiliano yake, yaani kuyageuza yasisomeke na asiye na ufunguo, tangu mwanzo, bila kumsubiri mtumiaji aombe, na hata kama hakuna njia ya kuthibitisha kwamba aliye upande wa pili ndiye hasa anayedhaniwa. Wapo wataalamu makini wanaopinga, na pingamizi lao linastahili kujibiwa kwa uzito.

Wao husema kwamba mbinu iliyochapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976 huwawezesha watu wawili wasiowahi kukutana kupata siri ya pamoja, ingawa kila wanachotumiana kinaonekana na wote, lakini haimwambii yeyote kati yao amekubaliana na nani. Mvamizi akikaa katikati, hubadilishana funguo na kila upande peke yake, akaufungua kila ujumbe, akausoma, akausimba upya na kuupeleka mbele. Kwa maoni yao, ulinzi wa namna hiyo ni hatari kuliko kukosa ulinzi, kwa kuwa humtuliza mtu asiyestahili kutulia.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila hitimisho lake silikubali. Anayesikiliza tu hunakili data inapopita, wala haonekani, na anaweza kuwasikiliza watu wengi mno kwa wakati mmoja au kuhifadhi ya leo ayasome miaka ijayo. Anayekaa katikati analazimika kuingilia kila muunganisho tangu unapoanza, na wenye mazungumzo wakilinganisha kwa njia nyingine alama ya kikao chao, yaani namba inayotokana na siri yao ya pamoja, hila yake hufichuka. Zaidi ya hayo, funguo za muda zikifutwa kikao kinapokwisha, atakayeiteka kompyuta baadaye hataweza kuyafungua mazungumzo ya zamani aliyoyahifadhi. Kumnyima mpelelezi uwezo wa kusikiliza bila gharama wala hatari ya kujulikana ni faida kubwa mno kuitupa kwa sababu tu haijakamilika.

Tuutazame mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Tangu mwaka 2009 nodi zake, yaani kompyuta zinazouendesha, zilizungumza bila usimbaji wowote. Pendekezo la usimbaji la mwaka 2016 liliachwa, na hatimaye jingine, BIP 324, likaingizwa katika toleo la 26.0 la Bitcoin Core, programu kuu ya nodi hizo, Desemba 2023, kisha likawashwa kwa chaguo-msingi, bila mtumiaji kuomba, katika toleo la 27.0, Aprili 2024. Wengi waliuliza kuna haja gani ya kuficha miamala ambayo kila mtu ataisoma hadharani. Muamala ni wa hadharani, ndiyo, lakini aliyeutoa kwanza si wa hadharani: anayesikiliza mawasiliano ya nodi akiona imetuma muamala ambao haikuupokea kutoka kwa mwenzake yeyote, amekwisha kujua ulikoanzia. Hoja ya mzigo kwa kichakataji siioni kuwa na nguvu tena, maana mbinu ya usimbaji ya ChaCha20-Poly1305 inayotumika humo ni nyepesi hata kwa simu.

Ninapotofautiana zaidi na wapinzani ni kuhusu dawa yao, yaani kila nodi iwe na ufunguo wa umma wa kudumu, ambao wengine huujua na kuutumia kuitambua. WireGuard, itifaki ya mitandao binafsi (VPN), humtambulisha kila mshiriki kwa njia hiyo, na kwa watu wanaojuana inafaa kabisa. Katika mtandao ulio wazi kwa wote, ufunguo usiobadilika huwa alama inayoifuata kompyuta kila inapohamia anwani mpya, na ndiyo maana BIP 324 huunda funguo mpya kwa kila muunganisho. Anayetaka uthibitisho uwe wa lazima atueleze, basi, ni nani atakayetoa vitambulisho hivyo katika mtandao usio na msimamizi, na nodi isiyotaka kufuatiliwa itajiunga vipi.