Kupanda Mlima Rungwe mwezi Aprili: je, siku chache za jua zinatosha?

Mwalimu wa Uyole:
Ndugu wanajukwaa, tunakusudia kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kupanda Mlima Rungwe wakati wa likizo ya Pasaka. Mvua za msimu hazijakatika, ila kwa siku kadhaa sasa jua limewaka, na mwenzangu anashikilia kwamba hatari ya maporomoko imekwisha kwa kuwa njia zimekauka. Mimi nakumbuka Itezi, Aprili 2024, tope la Mlima Kawetere lilipofukia nyumba na shule, nami nasita. Mteremko ambao haujatulia hutambuliwaje?

Bwana shamba, Tukuyu:
Mwalimu, una haki ya kusita. Udongo wetu wa majivu ya volkano hunywa maji mengi na kuyashikilia muda mrefu. Kinachoangusha mteremko si mvua ya jana peke yake, bali ni maji yaliyojikusanya tangu Novemba au Desemba: yakijaa katikati ya punje za udongo huzifanya zisishikane tena, na yakifika kwenye mwamba au mfinyanzi usioyapitisha, tabaka lote la juu huweza kuteleza. Kwa hiyo njia yaweza kutimka vumbi ilhali chini yake kumelowa chepechepe. Tazameni nyufa zinazokata mteremko kwa upana, miti iliyoinama hivi karibuni, na chemchemi zilizotokea mahali pasipokuwa na maji. Kijito kikipungua ghafla huku mvua inanyesha, msishangilie kwamba sasa mtavuka kwa urahisi; huenda kimezibwa huko juu, na kizuizi kikipasuka litashuka tope na mawe. Hapo pandeni kando, mbali na korongo, wala msikimbie kulifuata kuelekea chini.

Mwongoza wageni, Rungwe:
Naafiki, isipokuwa jambo moja: ndani ya msitu nyufa hazionekani, hivyo mgeni asijiamini kwa macho yake. Waulizeni wanakijiji wa chini na askari wa hifadhi. Wala msidhani kwamba miti inatosha kuwakinga, kwa maana poromoko lenye kina hupita chini ya mizizi na kuiondoa miti yenyewe.

Mwananjombe aliyeko Uswisi:
Huku majira ya kuchipua jua ndilo linaloogopwa, kwa sababu huyeyusha theluji na maji yake hupenya hadi tabaka za chini zikalegea. Wapandaji huondoka kabla ya alfajiri ili wawe wameteremka kabla ya joto la mchana, na hupima mteremko, kwani maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye nyuzi 30 hadi 45. Panapotiliwa shaka huvuka mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Kwa kundi la wanafunzi, hata hivyo, mimi nisingevuka kabisa.

Mwalimu wa Uyole:
Nawashukuru. Tumeahirisha hadi Julai, na mwenzangu amekubali, ingawa kwa shingo upande.

Bwana shamba, Tukuyu:
Vema. Hata Julai, fuatilieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kila mwalimu awe na namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114.