Nyufa kwenye plasta ya nje

Swali: Mafundi, ukuta wa nje hapa Likoni una nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na mmoja mpana unaofuata nguzo. Nipake rangi tu?

Jibu: Utando ni wa juujuu: simiti ilizidi, au jua na upepo viliikausha plasta kabla haijashika. Gonga, panapolia uwazi, bandua. Kwingine rangi ya nje inayonyumbuka yatosha.

Jibu: Wa nguzoni rangi haiuwezi, maana zege na matofali hayatanuki sawa. Bandua sentimita 15 kila upande, pigilia waya wa plasta (wavu wa chuma), lowesha, piga plasta ya 1:5, yaani simiti moja kwa mchanga wa mto tano. Wa ufuoni una chumvi, achana nao! Mwagilia siku 7.

Jibu: Upande wa magharibi piga plasta asubuhi, kabla jua la alasiri halijaufikia.