Mabomba yanachomoka kwenye fungu kreni ikinyanyua, tatizo ni upepo au ni ufungaji?

Mfungaji_Hoima: Salamu wakuu. Nafunga mizigo kwenye rigi moja (mtambo wa kuchimba visima vya mafuta) huku upande wa Ziwa Albert. Juzi bomba lilichomoka kwenye fungu likiwa hewani, likaanguka. Tunashukuru hakuna aliyeumia. Forimeni anasema ni upepo wa ziwani, tukaze tu kamba ya kuongozea. Mimi naona tunafunga vibaya: silingi mbili (kamba za kunyanyulia mzigo) zinapita chini ya fungu, zinapanda moja kwa moja hadi kwenye ndoano. Ila pale mimi ni mdogo. Mnasemaje?

MzeeWaWinchi: Umeona sawasawa, kijana. Silingi iliyopita chini tu inapakata mabomba, haiyabani. Izungushe fungu mara mbili, kisha uipitishe kwenye kitanzi chake yenyewe. Mzigo ukipanda unajikaza. Kila silingi iwe kama robo ya urefu kutoka mwisho wa fungu. Usichanganye mabomba manene na membamba, jembamba ndilo linalochomoka. Ila ukifunga hivyo uwezo wa silingi unapungua, kwa hiyo soma kibao chake, usikisie. Upepo wa kuogopa ni ule unaopiga makontena na mabati.

DadaUsalama: Naongezea pembe, maana watu wengi hawaiangalii kabisa. Chukua mzigo wa tani 2 kwenye silingi mbili. Zikisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila moja inavuta tani 1.15 hivi. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja inavuta tani 2 nzima! Halafu zikilala zinateleza kuelekea katikati ya fungu. Omba silingi ndefu zaidi, au boriti ya kunyanyulia.

BodaWaBuliisa: Dawa ni moja tu, kaa mbali 😂

DadaUsalama: Unacheka, lakini hapo umesema kweli. Spana ya kilo 1 iliyosahauliwa juu ya mzigo, ikidondoka kutoka mita 30, inafika chini kwa kilomita 87 hivi kwa saa. Helmeti haikuundwa kwa pigo la namna hiyo. Kagueni juu ya mzigo kabla haujapanda, na vifuniko vya ncha za mabomba, pale penye nyuzi za kuungia, pia.

Mfungaji_Hoima: Asanteni sana. Na forimeni akikataa?

MzeeWaWinchi: Usibishane naye mbele ya watu. Mwombe kreni inyanyue kidogo tu, sentimita chache, isimame, wote muangalie. Fungu likiinama au silingi ikisogea, lishushwe lifungwe upya. Ataona mwenyewe. Na ishara ya kusimamisha mtu yeyote anaweza kuitoa, hata wewe mdogo, na mwendesha kreni lazima aitii.

DadaUsalama: Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 pia inakupa haki ya kuondoka penye hatari. Ila anza na njia ya mzee.

Mfungaji_Hoima: Sawa mzee. Kesho asubuhi kuna mabomba ya kushusha, nitamwomba kabla hatujaanza.