Sanamu za wachezaji wa hoki ya barafu: nimpeleke mwanangu akaone zipi?

Baba Elia

Habari zenu wanajukwaa. Naishi Edmonton, kazi yangu ni dereva wa lori, na mara nyingi njia yangu inapita Wayne Gretzky Drive. Mwanangu Elia ni kipa katika timu ya watoto ya hoki ya barafu. Mimi mchezo huu sikuukulia. Nimeujulia huku, kwa kukaa jukwaani na baridi yangu nikimsubiri amalize mazoezi. Juzi tulisimama chini ya sanamu ya Wayne Gretzky, nyota wa zamani wa timu ya hapa Edmonton, pale uwanja wa Rogers Place, ile aliyonyanyua kombe juu ya kichwa, mtoto akaniuliza: "Baba, huyu si yuko hai? Mbona wamemjengea kama marehemu?"

Nikamweleza mabao na makombe, lakini swali lenyewe likabaki. Nikaanza kusoma, na tarehe ndizo zilizonishika. Gretzky alihamishwa kwenda Los Angeles Kings Agosti 1988. Sanamu ilizinduliwa Agosti 1989, kwenye uwanja wa zamani, huku mwenyewe tayari anavaa jezi ya watu wengine! Oktoba ya mwaka huo huo akarudi Edmonton kama mgeni, na hapo hapo akaivunja rekodi ya pointi ya Gordie Howe, nguli wa zamani wa hoki. Barabara ikapewa jina lake mwaka 1999, mwaka aliostaafu. Sanamu nayo ikahamishiwa uwanja mpya mwaka 2016.

Sasa, kiangazi hiki tunasafiri mashariki, Toronto hadi Montreal. Naomba mnielekeze tukaone zipi. Na la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: kuna mahali popote palipopewa jina la mchezaji mweusi? Kwenye timu ya Elia mweusi ni yeye tu. Maneno ya kumtia moyo nimeshamwambia mengi. Nataka mahali pa kumpeleka, asome jina ukutani kwa macho yake.

Mama Zawadi

Karibuni Montreal, shemeji. Anzeni Bell Centre, nje. Kuna wanne wa shaba: Howie Morenz, Maurice Richard, Jean Béliveau na Guy Lafleur. Walisimamishwa Desemba 2008, klabu ya Canadiens ikiwa inajiandaa kutimiza miaka 100. Mwambie Elia habari za Morenz: alivunjika mguu uwanjani Januari 1937, akafariki Machi, na ibada ya mazishi yake ikafanyika ndani ya uwanja wa Forum aliokuwa akichezea.

Halafu pandeni metro mpaka Maurice Richard Arena, jirani na Uwanja wa Olimpiki. Huo una sanamu yake nje, na ni uwanja wa watu wa kawaida. Richard alipofariki mwaka 2000, serikali ya Quebec ilimfanyia mazishi ya kitaifa katika Basilika ya Notre-Dame. Mchezaji wa hoki! Huku wazee wakimtaja sauti inabadilika, na mimi niliyehamia ukubwani nimeshaanza kuwaelewa.

Fundi Barafu

Baba Elia, salaam. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hili jambo naishi nalo. Nafanya kazi kwenye uwanja wa barafu wa manispaa hapa Toronto, mimi ndiye ninayeendesha ile mashine ya kulainisha barafu kati ya mechi na mechi. Jina la uwanja ninaliona kila ninapofungua mlango asubuhi, kwa hiyo nimepata muda wa kutosha kufikiria nani anaandikwa ukutani na nani haandikwi.

Kwanza sanamu. Toronto nendeni Legends Row, nje ya Scotiabank Arena. Ni benchi refu la wachezaji, na wachezaji 14 wa shaba wa Maple Leafs, timu yetu ya Toronto, wengine wamekaa, wengine wanaruka ukingo kuingia mchezoni. Wa kwanza, Ted Kennedy, alizinduliwa 2014, na wote wakakamilika 2017. Kwa kuwa Elia ni kipa, mtafutieni Johnny Bower. Huyu alikuwa mmoja wa makipa wawili wa Toronto ilipochukua kombe mwaka 1967, umri umeshapita miaka 40, na alidaka miaka mingi bila kinyago. Elia akikaa karibu na Bower ataelewa zaidi kuliko kwa maelezo yako na yangu.

Kuna sanamu ninazozipenda na kuna ambazo huwa napita tu. Mtu aliyesimama na kombe juu, hata awe Gretzky, anakuambia alishinda, hakuambii alichezaje. Kwangu bora kuliko zote ni ya Bobby Orr, Boston, nje ya TD Garden. Tarehe 10 Mei 1970, sekunde 40 tu ndani ya muda wa nyongeza dhidi ya St. Louis, Orr alifunga bao la ubingwa na papo hapo beki akamkwatua. Akapaa hewani, amenyooka kama anaogelea, mikono mbele, tayari anashangilia kabla hajatua. Mchongaji Harry Weber kamwacha hivyo hivyo hewani. Ilizinduliwa tarehe 10 Mei 2010, miaka 40 kamili. Ya Mario Lemieux kule Pittsburgh nayo inacheza: anapenya kati ya mabeki wawili, na hao mabeki wamechongwa pia. Nafurahi kila nikiona sanamu inayokumbuka kwamba palikuwa na mpinzani.

Lakini sasa tazama kuta zenyewe. Hakuna hata uwanja mmoja wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, leo unaoitwa kwa jina la mchezaji wa hoki. Majina ya viwanja vikubwa yanauzwa. Uwanja wa Montreal ulianza kama Molson Centre, sasa ni Bell Centre. Wa hapa Toronto ulikuwa Air Canada Centre, ukageuka Scotiabank Arena mwaka 2018. Los Angeles, Gretzky wa shaba alisimama nje ya Staples Center, akaamka yuko nje ya Crypto.com Arena. Mchezaji anabaki mlangoni, jina la juu linakwenda kwa mwenye fedha. Ndiyo maana nawaambia watu: ukitaka kujua mji unamheshimu nani, ondoka katikati ya mji. Nenda kwenye viwanja vya mitaani, vya manispaa, ambako mzazi anafunga kamba za viatu vya mtoto saa kumi na mbili asubuhi. Huko jina likishawekwa linakaa.

Na huko ndiko lilipo jibu la swali lako la pili.

Hapa Toronto, mtaa wa Flemingdon Park, kuna Angela James Arena. Angela ni mtoto wa mtaa huo huo, baba yake mweusi, mama yake mzungu. Katika mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, Ottawa 1990, alifunga mabao 11 katika mechi 5. Timu ya Olimpiki ya Nagano 1998 ilipotajwa, jina lake halikuwamo, na mimi mpaka leo sijaridhika na uamuzi ule. Manispaa iliubadilisha jina uwanja wa mtaani kwake mwaka 2009, na mwaka 2010 akawa miongoni mwa wanawake wawili wa kwanza kuingizwa Hockey Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa hoki. Angalia nani alitangulia: mtaa.

North York kuna uwanja wa Herbert H. Carnegie. Wazazi wake walitoka Jamaika. Miaka ya 1940 alicheza Quebec na kaka yake Ossie na Manny McIntyre, safu nzima ya ushambuliaji ya watu weusi. Mwaka 1948 New York Rangers, timu ya NHL, walimwita majaribio, wakampa mkataba wa ligi za chini kwa fedha pungufu ya alizokuwa akipata Quebec. Akakataa, na hakuwahi kucheza NHL. Alifariki 2012. Hall of Fame wakamwingiza 2022, miaka kumi amelala kaburini. Lakini watoto wa North York walikuwa wanateleza chini ya jina lake yeye akiwa hai, na hilo kwangu ni kubwa kuliko cheti chochote. Kwa hiyo swali la Elia la "mbona yuko hai" mimi ningelijibu hivi: ndivyo inavyotakiwa! Mtu aione heshima yake.

Kama mngekuwa na siku zaidi ningewasukuma mpaka Fredericton, New Brunswick, alikozaliwa Willie O'Ree. Ndiye mweusi wa kwanza kucheza NHL, tarehe 18 Januari 1958, akiwa na Boston, mechi yenyewe Montreal. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni karibu kabisa baada ya kupigwa na kisahani, kile kigumu kinachochezewa badala ya mpira, na alificha siri hiyo ili aruhusiwe kucheza. Uwanja wa Willie O'Ree Place ulifunguliwa pale mwaka 2008, una barafu mbili chini ya paa moja.

Mzee Salum

Vijana, nimesoma kwa furaha. Mimi nilisomea uhandisi Moscow enzi za Wasovieti, na huko hoki ilikuwa gumzo la bweni zima usiku. Niruhusuni niongeze upande huo.

Kwenye barabara kuu ya kwenda Leningrad, siku hizi St. Petersburg, kilomita ya 74 kutoka Moscow, kuna jiwe lililochongwa kama kisahani cha hoki, kubwa na zito. Limewekwa mahali alipofia Valeri Kharlamov, nyota wa timu ya Wasovieti, kwa ajali ya gari tarehe 27 Agosti 1981, akiwa na umri wa miaka 33, pamoja na mkewe. Limeandikwa kwamba hapa ndipo ilipozimika nyota ya hoki ya Urusi. Alikuwa ameachwa kwenye kikosi cha Kombe la Canada, mashindano ya timu za taifa. Wenzake walipata habari wakiwa Winnipeg, na Septemba wakaifunga Canada 8–1 kwenye fainali. Wanafunzi wenzangu Warusi walikuwa wakilisimulia hilo kwa mfuatano huo huo, kifo kisha mabao manane, hawatenganishi.

Fundi Barafu, ninakubaliana nawe kuhusu viwanja vya mtaa, lakini kuna heshima ya aina nyingine, ya mahali penyewe palipotokea msiba. Tarehe 7 Septemba 2011 ndege ya timu ya Lokomotiv ilianguka Yaroslavl ikielekea Minsk kwa mechi ya kwanza ya msimu. Walikufa watu 44. Wachezaji walitoka nchi nyingi, kwa hiyo kumbukumbu zao zimetawanyika. Pavol Demitra, kwa mfano, uwanja wa barafu wa Trenčín, Slovakia, una jina lake.

Wa Saskatoon

Mzee Salum, shikamoo. Huku Saskatchewan tunalijua hilo la barabarani. Nje kidogo ya Swift Current, basi la timu ya vijana lilipinduka tarehe 30 Desemba 1986, wakafa wachezaji wanne. Mwaka 2016, siku hiyo hiyo miaka 30 baadaye, liliwekwa jiwe la kumbukumbu lenye umbo la jani la klova lenye sehemu nne, moja kwa kila kijana. Na tarehe 6 Aprili 2018 ikaja ajali ya Humboldt Broncos: 16 walifariki, 13 wakajeruhiwa. Pale njia panda kuna misalaba. Usiku ule na siku zilizofuata watu waliweka magongo ya hoki nje ya milango yao na kuacha taa zinawaka, nchi nzima. Mimi pia niliweka la jirani, kwa sababu kwangu hakukuwa na gongo.

Baba Elia, mkirudi kwa gari piteni Saskatoon. Sanamu ya Gordie Howe iko nje ya SaskTel Centre, na majivu yake na ya mkewe Colleen yamezikwa chini yake, Septemba 2016. Watu wanaingia kwenye mechi wakipita kaburini kwake. Daraja jipya la kati ya Detroit na Windsor nalo limepewa jina lake, lakini majivu yake yamelala huku nyumbani.

Baba Elia

Asanteni sana, wote. Mzee Salum, shikamoo na kwako. Nimemsomea Elia habari ya Carnegie usiku wa jana. Akauliza kama ndani ya uwanja ule mtu wa kawaida anaruhusiwa kuteleza, au ni kuangalia tu. Fundi, hilo unalijua wewe.

Fundi Barafu

Anaruhusiwa, ndiyo maana yake! Ila angalia msimu: kiangazi viwanja vingi vya manispaa tunayeyusha barafu kwa matengenezo, na vichache tu vinaendelea. Usije ukafika mkakuta sakafu ya zege. Pigia manispaa kabla hamjakata tiketi, uulize Carnegie na Angela James kwa majina, na uulize saa za watu wote, si za timu. Viatu vya barafuni mje navyo, na kofia yake ngumu. Vifaa vizito vya kipa aviache nyumbani, saa hizo haviruhusiwi. Mkifika Toronto niandikie hapa hapa, kama zamu yangu haijaanza nitakuja kuteleza na Elia.